Uzi: Daktari wa familia afundishiwe wapi, na akihitimu apande daraja gani akiwa bado Pemba?

KarafuuMbichi (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum ndugu zangu wa fani ya afya, mlioko Unguja na mlioko Pemba.

Mimi ni daktari wa shahada ya kwanza, na mwaka huu ninatimiza miaka 6 katika hospitali moja ya wilaya kaskazini ya Pemba. Nimearifiwa kwamba zamu yangu ya kwenda kusomea ubingwa imefika, na fomu ninayo. Karibu kila niliyemtaka ushauri amenielekeza kwenye upasuaji, uzazi au watoto. Nilipomwambia mmoja wao kwamba moyo wangu uko kwenye tiba ya familia, aliniuliza kwa upole kabisa: kwani miaka 6 uliyotibu kila aliyeingia mlangoni haikutosha, hata ukasome jambo lile lile miaka 4 mingine? Siku ile sikuwa na jibu la kumpa, na ndiyo sababu nimefungua uzi huu.

Naomba nianze na kisa kimoja. Msimu wa karafuu uliopita nililetewa mtu mzima aliyeanguka mkarafuuni, kavunjika mkono karibu na kiganja. Alipigwa picha, nikamfunga hogo, nikampa dawa ya maumivu na tarehe ya kurudi. Siku aliyorudi watu walikuwa wachache, nikapata nafasi ya kumuuliza ilikuwaje akaanguka ilhali amepanda mikarafuu tangu utotoni. Akanijibu kwamba akiwa juu aliona kiza na akatokwa na jasho jembamba. Ana kisukari, humeza glibenklamaidi, dawa inayoshusha sukari, alfajiri, kisha huenda shamba bila ya kutia kitu tumboni mpaka saa 4. Dawa hiyo nilimwandikia mimi mwenyewe. Tulipoendelea kuzungumza habari za nyumbani kwake, nikatambua kwamba mwanamke ninayemtibu shinikizo la damu kila mwezi ni mkewe, na kijana mwenye selimundu, yale maradhi ya damu ya kurithi, anayelazwa kwetu mara kwa mara ni mtoto wao. Kwa mwaka mzima nilikuwa ninawatibu watu watatu wanaokula chungu kimoja, kwa siku tatu tofauti na madaftari matatu tofauti, nisijue kuwa ni wa nyumba moja.

Ujuzi wa dawa nilikuwa nao. Namna ya kuwatazama watu wale kama nyumba moja hakuna aliyewahi kunifundisha, wala sikuwahi kuulizwa katika mtihani wowote.

Ninaomba mnisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, mafunzo haya yana nini hasa ambacho daktari wa wilaya hakipati kwa kufanya kazi tu, na je, yanaweza kufanyika hapa visiwani? Pili, nikirudi nikiwa bingwa wa familia, nitakuwa nani katika utumishi? Sitaki kusoma miaka 4 kisha, ili nipande daraja, nilazimike kuhama wilaya ambayo ndiyo iliyonituma kusoma.

BingwaWaNyumba

Waalaykum salaam, Daktari. Mimi ni bingwa wa tiba ya familia, nilisomea Bara na sasa ninafanya kazi Unguja. Nitajibu swali la kwanza kwa urefu kidogo, kwa sababu nami niliulizwa lile lile uliloulizwa.

Mwaka 1961 daktari Kerr White na wenzake walichapisha hesabu ambayo mpaka leo inatufaa. Katika kila watu wazima 1,000, kwa mwezi mmoja watu kama 750 hupatwa na maradhi au jeraha la aina fulani, 250 kati yao humwona daktari, 9 hulazwa hospitali, na mmoja tu hufika hospitali ya chuo kikuu. Fikiria sasa sisi sote tulifundishwa wapi. Tulifundishwa kando ya kitanda cha yule mmoja. Wale 249 waliomwona daktari wasifike huko hatukuwaona mpaka tulipopangiwa kazi, na tulipowaona tulikuwa peke yetu, bila ya mwalimu. Hesabu ile ilitokana na takwimu za Marekani na Uingereza, lakini ukikaa wiki moja katika kituo cha afya chochote cha shehia zetu utaona picha yenyewe ni hiyo hiyo.

Nikuulize jambo. Katika miaka yako 6, ni mara ngapi mkubwa wako ameketi chumbani akakutazama unavyozungumza na mgonjwa, tangu mgonjwa anaingia mpaka anatoka, kisha akakwambia uliyofanya vizuri na uliyoyakosa? Mimi kabla ya kwenda kusoma sikuwahi kutazamwa hata mara moja. Mwezi wangu wa kwanza wa masomo, mwalimu wangu alikaa kwenye kiti pembeni, kimya. Mgonjwa alikuwa mama wa makamo mwenye maumivu ya kifua. Nikampima, nikamfanyia kipimo cha moyo, nikamwambia moyo wake ni mzima, akashukuru akaondoka. Mwalimu akaniuliza swali moja tu: "Mama huyu anaogopa nini?" Sikuweza kujibu. Tukamwita arudi, na ikawa dada yake amefariki ghafla siku 20 nyuma. Mimi nilimwambia kuwa moyo wake ni mzima, lakini msiba wake haukuguswa na mtu, na bila ya shaka angerudi wiki ijayo na maumivu yale yale, kwa daktari mwengine.

Basi miaka 4 ile ina mambo mengi: uzazi na upasuaji wa dharura, watoto, afya ya akili, huduma kwa mgonjwa asiyepona, matumizi ya ultrasaundi, kuchora mti wa ukoo wa vizazi vitatu ili uone maradhi yanavyotembea ndani ya nyumba, kupima ubora wa kazi ya kituo kizima. Lakini uti wake ni huko kutazamwa na kupewa mrejesho, mara kwa mara, na mtu wa fani yako. Miaka ya kazi pekee haileti hilo. Mtu anaweza kukosea kwa namna moja miaka 20 na akaitwa mzoefu.

Kuhusu mahali pa kusoma: Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Aga Khan kinafundisha shahada ya uzamili ya tiba ya familia kwa miaka 4. Kenya, Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret kilianza mwaka 2005, na wanafunzi wake walipelekwa kufanya sehemu ya mafunzo katika hospitali ya wilaya ya Webuye, mbali na jiji. Hilo la Webuye naomba ulikumbuke, nitalirudia.

MpasuajiMjini

Ninauheshimu uzi huu, na ninaandika nikiwa na nia njema. Mimi ni daktari wa upasuaji. Nimewahi kupokea usiku mgonjwa aliyevushwa bahari kutoka Pemba, tumbo limeshajaa usaha, ambaye angepasuliwa saa 12 nyuma angelikwenda nyumbani kwa miguu yake. Kwa sensa ya 2022 Pemba ina watu 543,441. Nafasi za masomo ni chache na fedha ni chache. Kila nafasi inayokwenda kwa tiba ya familia ni nafasi isiyokwenda kwa upasuaji, dawa za usingizi au uzazi. Mama aliyekwama uchungu saa 8 za usiku hahitaji mti wa ukoo; anahitaji mikono. Mdogo wangu KarafuuMbichi, ukienda kusomea upasuaji utaokoa watu ambao majina yao utayajua. Fikiri tena.

BiMkunga

Wanangu, mimi ni mkunga mstaafu. Nimezalisha Pemba kwa zaidi ya miaka 30, katika vituo vya shamba na katika hospitali, na madaktari wengi waliopita Pemba wamepitia mikononi mwangu kwanza, kwa sababu daktari mgeni akifika, anayemwonyesha njia ni mkunga.

Daktari wa upasuaji amesema kweli kuhusu mikono. Lakini naomba nimweleze na upande wangu. Nilikuwa na mama mmoja, mimba ya nne, presha ilimpanda akajifungua salama, tukamruhusu. Baada ya hapo hakuna aliyemfuata. Daktari aliyemjua alikuwa ameshahamishwa, aliyekuja badala yake hakuwa na habari zake, na yeye mwenyewe alidhani presha imeondoka na mimba. Miaka 5 baadaye aliletwa hospitali, upande mmoja umepooza, mdomo umekwenda kando. Mtoto yule niliyemzalisha ndiye aliyekuwa anamfuta mate. Hapo hapakuwa na cha kupasua, Daktari. Palitakiwa mtu wa kumpima kila baada ya miezi michache na kumjua kwa jina.

Nimefanya kazi na madaktari wa Kikuba pia. Wao walikuwa wakinieleza kwamba kwao, tangu 1984, daktari na muuguzi huwekwa kwenye mtaa wanaouhudumia, hapo mwanzo kwa familia kama 120, na daktari huwatembelea majumbani hata kama hawaumwi. Nilikuwa nikisikiliza nikiona ni jambo la mbali. Sasa ninaona wahudumu wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya wanazunguka nyumba hadi nyumba na simu zao, wanaandikisha waja wazito na watoto, na ninajiuliza: vijana hawa wakimkuta mtu mwenye tatizo, wanamkabidhi kwa nani? Kwa daktari aliyepangwa jana na atakayehamishwa kesho?

Ombi langu kwenu mnaopanga mafunzo ni moja. Mwanafunzi wa ubingwa huu akae na sisi wakunga na wauguzi, akae na sheha, ajue nani ana mgonjwa wa akili ndani na anaona haya kumtoa. Na asikae wiki mbili akaondoka. Wiki mbili watu wa shamba bado wanakutazama tu, hawajaanza kukwambia.

BingwaWaNyumba

Bi Mkunga, nimeisoma habari ya mama yule mara mbili. Ahsante kwa kuiandika.

Daktari MpasuajiMjini, hoja yako ni nzito na sitaipita juu juu. Hakuna anayetaka Pemba ikose mpasuaji. Lakini bingwa wa familia wa Afrika hafundishwi kuketi ofisini tu kama wenzetu wa Ulaya. Afrika Kusini wameiandika kazi hii kwa dhima 6: anatibu mwenyewe, anaombwa ushauri na matabibu na wauguzi kwa wagonjwa waliowashinda, anawajengea wenzake uwezo, anafundisha wanafunzi, anasimamia ubora wa huduma, na anaiangalia jamii nzima inayokizunguka kituo, siyo wale waliofika tu. Katika ile dhima ya kwanza mna upasuaji wa kujifungua, mna ganzi ya mgongo, mna kutuliza mgonjwa wa ajali kabla ya kusafirishwa. Mama wako wa saa 8 za usiku tumekusudia afanyiwe pale pale wilayani, na yule wa tumbo la usaha atambuliwe zile saa 12 kabla. Wagonjwa wanaokufikia wamechelewa, Daktari, wengi wao walichelewa kabla hata ya kufika bandarini: walichelewa kituoni, kwa mtu ambaye hakuwa na wa kumuuliza.

Na kuhusu kumjua mgonjwa kwa jina, hilo nalo limepimwa. Watafiti wa Norwei waliangalia kumbukumbu za watu takriban milioni 4.5, matokeo yakatolewa 2021. Waliokuwa na daktari yule yule wa familia kwa zaidi ya miaka 15, wakilinganishwa na waliokuwa naye kwa mwaka mmoja au chini yake, uwezekano wao wa kufa ulikuwa mdogo kwa takriban asilimia 25, na wa kulazwa kwa dharura ulipungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Hatuna dawa nyingi zenye matokeo ya namna hiyo. Julian Tudor Hart, aliyetibu wachimba makaa wa kijiji cha Glyncorrwg huko Wales, aliandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri huelekea kuwa haba pale pale inapohitajika zaidi. Yeye alibaki na kijiji kile miaka mingi, akampima kila mtu shinikizo la damu, hata aliyekuja kwa kikohozi. Bi Mkunga, mama yako yule angekuwa Glyncorrwg angepimwa.

Sasa narudi kwenye Webuye. Ninaamini kwa dhati kwamba daktari wa familia wa visiwa hivi hawezi kufundishwa mpaka mwisho katika hospitali kubwa, iwe Mnazi Mmoja au ya Bara. Stadi za mikono azipate huko, kwa sababu ndiko kwenye wagonjwa wengi na mabingwa wa kumfundisha. Lakini nusu ya mafunzo, na mimi ningesema zaidi ya nusu, iwe katika hospitali za wilaya na vituo vilivyo chini yake. Tuna wilaya 11, nne kati yake ziko Pemba, na majengo mapya ya hospitali za wilaya yamejengwa. Wagonjwa wa kujifunzia tunao. Tunachopungukiwa ni walimu waliofundishwa kufundisha, maana bingwa mzuri anaweza kuwa mwalimu mbaya sana, na ninasema hivyo nikiwa nimefundishwa na wa aina zote mbili. Madaktari Sidney Kark na mkewe Emily walianza na kituo kimoja cha vijijini, Pholela, Natal, Afrika Kusini, mwaka 1940, na kutokana na kituo kile ulimwengu ukajifunza namna daktari anavyoweza kuitibu jamii. Hawakungoja chuo kikuu kiwafuate kule.

Mwaka_wa_5

Samahanini wakubwa zangu. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa mwisho. Katika darasa letu ukiuliza nani anataka tiba ya familia, mikono haiinuki, na ninaamini si kwa dharau. Hatujawahi kumwona. Mpasuaji tunamwona, daktari wa watoto tunamwona, tunamfuata wodini na tunatamani kuwa kama yeye. Nilipokwenda shamba kwa mafunzo ya afya ya jamii tulihesabu vyoo na visima, na hilo lina faida yake, lakini hakuna daktari tuliyeketi naye akituonyesha kazi ya kutibu ikifanyika kwa ustadi kule kule. Naomba kuuliza: nikimaliza utarajali, nianze wapi nikiwa sina bingwa wa kumfuata?

BingwaWaNyumba

Mwanangu, anza kwa kuomba kupangwa wilayani, na ukifika chagua wagonjwa 20 wenye maradhi ya kudumu, uwafuate wewe mwenyewe kwa mwaka mzima, tarehe zao ziwe mikononi mwako. Andika kila mwezi ulichojifunza kwao na ulichokosea. Utakapoomba nafasi ya uzamili, daftari hilo litakusemea. Zaidi ya hapo utakuwa umeshajua kama kazi hii unaipenda, kwa sababu wapo wasioweza kuvumilia mgonjwa asiyepona wala asiyekufa, na si aibu. Hao wana fani nyengine.

TabibuWaKisiwani

Naomba na sisi tusisahauliwe. Mimi ni afisa tabibu mwenye stashahada, niko kwenye kisiwa kidogo pembeni ya Pemba ambako huvukwa kwa ngalawa au mashua. Daktari hukaa ng'ambo. Kwa hiyo hayo yote mnayoyaita tiba ya familia ndiyo kazi yangu ya kila siku, tangu mtoto mwenye homa mpaka bibi anayekata roho nyumbani kwake na jamaa wakitaka nikae nao. Kila baada ya muda huitwa kwenye semina ya siku 3, ya maradhi moja moja. Leo malaria, kesho kifua kikuu, keshokutwa uzazi wa mpango. Ninashukuru, lakini mgonjwa wangu haji na maradhi moja moja. Na semina zote nilizohudhuria hazijanipandisha hata hatua moja, kwa kuwa hazihesabiki kama masomo.

Ningeomba kitu cha katikati: masomo ya mwaka mmoja au miwili, nikiwa kazini kwangu, yenye mwalimu anayenipigia simu kila wiki na kuja kunitazama kila baada ya miezi, na mwisho nipate cheti kinachotambulika kwenye utumishi. Mwaka jana nilikuwa na mgonjwa wa kisukari aliyetaka kufunga Ramadhani. Nilipiga simu kwa watu watatu kabla ya kupata aliyenijibu nifanye nini na dawa zake, na tayari tulikuwa kumi la kwanza.

IkamaNaMiundo

Mimi si daktari. Nimefanya kazi ya utawala wa watumishi wa umma kwa muda mrefu, na sehemu ya afya ninaijua. Nitajibu swali la pili la KarafuuMbichi, kwa sababu naona wengine wote mmezungumzia la kwanza.

Ubingwa hauingii kwenye utumishi kwa sababu mtu amefaulu. Unaingia kwa milango mitatu, na kila mmoja una ufunguo wake. Mlango wa kwanza ni usajili: Baraza la Madaktari likutambue kwa jina la fani yako, usiandikwe tu daktari mwenye shahada ya pili. Afrika Kusini ni mfano mzuri, maana vyuo vyao vilikuwa vikifundisha tiba ya familia kwa miongo kadhaa kabla ya kutambuliwa rasmi kuwa ubingwa mwaka 2007. Kabla ya hapo mhitimu alikuwa na shahada lakini hakuwa na cheo. Mlango wa pili ni muundo wa utumishi: cheo kiandikwe, na ngazi za juu yake ziandikwe, ili mtu ajue ataanzia wapi na atafikia wapi. Mlango wa tatu ni ikama: hospitali yako ya wilaya iwe na nafasi yenye jina hilo katika bajeti ya watumishi. Milango miwili ikiwa wazi na wa tatu umefungwa, utarudi na shahada yako, na mkuu wa hospitali, ambaye ana shida ya watu kama kila mkuu wa hospitali, atakuweka wodi ya wanaume au atakupa ofisi ya kusimamia ripoti. Nimeshuhudia watu wa fani nyengine wakipotea namna hiyo. Hakuna aliyewafanyia ubaya. Hapakuwa na karatasi iliyosema wafanye nini.

Kwa hiyo, Daktari, kabla hujajaza fomu ile, andika barua. Omba barua yako ya ruhusa ya masomo itaje fani kwa jina lake kamili na itaje kituo utakachorudi. Mkataba wa kurudi kazini hutufunga sisi watumishi. Ni haki kuomba umfunge na mwajiri kwamba atakutumia kwa kazi aliyokusomeshea. Uliza pia posho ya mazingira na nyumba, ingawa vijana huona haya kuuliza. Mtu mwenye watoto wa skuli habaki kaskazini ya Pemba kwa mapenzi ya kazi peke yake, na anayesema anabaki, mara nyingi huwa hajapata watoto.

Jambo la mwisho, na hili ni rai yangu binafsi. Ngazi za bingwa wa familia zipande ndani ya wilaya: bingwa, kisha bingwa mwandamizi anayefundisha, kisha bingwa anayesimamia mafunzo ya mkoa mzima. Kama njia pekee ya kupanda ni kuhamia makao makuu, basi kila aliye hodari tutamwondoa kwa wagonjwa wake kwa kumpongeza. Na kwa TabibuWaKisiwani: cheti unachokitaka kinawezekana, lakini kianzie chuoni, kipate ithibati, ndipo utumishi ukitambue. Ukianza na semina utabaki na semina.

MpasuajiMjini

Nimesoma yote, na ninamshukuru Bi Mkunga kwa namna ya pekee. Sijabadilisha fikra zangu kuhusu uhaba wa wapasuaji, na sitabadilisha mpaka uondoke. Lakini lile neno kwamba wagonjwa wangu wamechelewa kabla ya bandarini ni kweli, na nimekaa nalo usiku mzima. Ikiwa mtapata wanafunzi wa fani hii, waleteni kwangu miezi 4 kila mmoja. Nitawafundisha tumbo la dharura, nitawafundisha ni nani wa kumpeleka mara moja na nani wa kumngoja, na sitawaacha wasimame nyuma wakishika ndoano za kupanulia jeraha tu. Katika wodi nyingi wanafunzi wa fani nyengine huachwa hivyo, na sisi wapasuaji tunastahili kulaumiwa.

KarafuuMbichi

Nimechukua siku mbili kabla ya kujibu, mnisamehe. Nitajaza tiba ya familia. Barua nimeshaiandika kama alivyoelekeza IkamaNaMiundo, imetaja fani na imetaja hospitali ya kurudi, na fomu haitatoka mezani kwangu mpaka barua ipate jibu. Daktari MpasuajiMjini, ile miezi 4 nimeiandika kwenye daftari na nitakuja kuidai.

Kuna jambo ambalo halihitaji kungoja chuo wala ikama. BingwaWaNyumba amekubali, tumezungumza faraghani, kwamba kila Jumamosi baada ya sala ya isha tukutane kwa simu kwa saa moja, yeyote wa kituo au hospitali ya wilaya anayetaka. Kila kikao mtu mmoja alete mgonjwa mmoja aliyemshinda, bila ya jina wala shehia, tuzungumze. Bingwa ameweka sharti kwamba anayeleta mgonjwa awe amekwishauliza nani anaishi naye nyumbani na anaogopa nini. Jumamosi ya kwanza ataanza TabibuWaKisiwani. Na tumekubaliana kwamba mwezi wa Shaabani kikao kimoja kiwe cha wagonjwa wa kisukari wanaotaka kufunga, kila mmoja aje na orodha ya wake na dawa wanazotumia, ili mwaka huu tusipigiane simu tukiwa tayari tumeingia kumi la kwanza.

Yule mchuma karafuu nimembadilishia dawa, na hogo limeshaondolewa. Mti wa ukoo wa nyumba yake nimeuchora, ni wa kwanza katika maisha yangu na una makosa, lakini upo.

BiMkunga

Jumamosi nitakuwepo, nitaomba mjukuu anifungulie simu. Mwanangu, katika mti huo uliouchora, yule kijana wa selimundu ana wadogo zake?

KarafuuMbichi

Wako wawili, Bi. Wa kiume ana miaka 9 na wa kike ana miaka 4. Hawajawahi kupimwa. Nimempigia simu mama yao sasa hivi, atawaleta Jumatatu.